Gunia la Pili: Tafakuri juu ya Akiba, Hofu na Haki ya Jirani

Juma la mwisho kabla ya Krismasi linapowadia, mji wa Kigali hubadilika sura. Mji huu ambao wageni huusifu kwa usafi na utulivu wake hushikwa na pilikapilika nyingi. Katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo wasafiri hupanga foleni ndefu, wakingoja magari ya kuwapeleka mikoani kula Noheli pamoja na wazee wao. Katika soko la Kimironko wachukuzi hupishana na magunia ya viazi na mikungu ya ndizi. Na katika supamaketi, toroli hugongana baina ya rafu, watoto hulilia peremende, na makeshia hawapati hata nafasi ya kunywa maji. Mchele, sukari, mafuta ya kupikia, unga wa ngano na soda huondoka kwa kasi kuliko vijana wa duka wanavyoweza kuvirudisha rafuni. Jioni ya tarehe 24 Desemba, anayechelewa aghalabu hukuta mahali patupu na karatasi ya bei tu.

Sikusudii kuilaumu sikukuu. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kula wali na nyama pamoja na watoto wake, na mtoto anayengoja soda yake ya Noheli tangu Januari hana kosa lolote. Swali ninalotaka tulitafakari ni jingine. Je, mtu mwenye fedha halali, anayenunua bidhaa halali katika duka halali, aweza kumdhulumu mtu ambaye hajapata kumwona? Yaani, yaweza kuwapo dhuluma katika kununua?

Wengi watajibu upesi kwamba haiwezekani. "Fedha ni zangu, duka li wazi, bei iliyotajwa nimeilipa, nimemkosea nani?" Hoja hii ni nzito na haifai kudharauliwa. Nami niliishika kwa miaka mingi, mpaka siku iliponishinda. Naomba basi ruhusa ya msomaji nianze kwa kujishtaki mwenyewe, maana mwalimu anayefundisha maadili kwa makosa ya wengine tu hufundisha nusu ya somo.

Kisa changu hakikutokea Desemba bali Machi. Lakini tangu siku zile kila msongamano wa Krismasi hunirudishia kumbukumbu yake. Tarehe 14 Machi 2020, siku ya Jumamosi, Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini. Kabla jua halijatua, watu wa Kigali walikuwa wamekwisha jaa madukani. Nami nilikuwamo. Nilikwenda na nia ya kununua gunia moja la mchele la kilo 25, kama nilivyozoea. Nilipofika nikawaona watu wakibeba magunia mawili, wengine matatu. Hakuna aliyeniambia kwamba mchele utakwisha. Macho yangu ndiyo yaliyoniambia. Nikapakia gunia la kwanza, kisha, bila ya kufikiri, nikapakia la pili.

Siku mbili baadaye, tarehe 16 Machi, serikali ililazimika kutangaza bei za mwisho kwa bidhaa 17 za chakula, kwa kuwa baadhi ya wafanyabiashara walikwisha anza kuzipandisha. Jioni ya tarehe 21 ikatoka amri ya watu kukaa majumbani. Hata hivyo amri hiyo haikuyafunga maduka ya chakula wala haikumzuia mtu kutoka kwenda kujinunulia posho. Mwisho wa mwezi huo serikali ilianza kugawa chakula nyumba kwa nyumba kwa wale ambao kazi zao za kutwa zilikuwa zimekatika.

Katika siku hizo za katikati, kabla mgao haujafika kwetu Nyamirambo, alinijia mama mmoja jirani, ambaye riziki yake ilikuwa kufua nguo za watu kwa ujira wa siku. Alisimama mlangoni, akaamkia, kisha akasema, "Mwalimu, nimesikia kwako mchele upo. Niuzie kilo mbili. Dukani nimekuta bei siiwezi."

Hapo nikakabiliwa na swali dogo lililonitoa jasho: nimuuzie kwa bei gani? Kwa bei ya siku ile, ningekuwa mlanguzi. Kwa bei niliyonunulia, ningejiona mwema. Nikachagua ya pili. Yule mama akazipokea kilo zake kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniombea heri kwa watoto wangu. Nilipofunga mlango ndipo nilipoelewa kwamba nimeshukuriwa kwa kumrudishia mtu sehemu ya kile nilichomnyima. Bei ile asiyoiweza haikupandishwa na mwenye duka peke yake. Ilipandishwa pia na gunia langu la pili, na magunia ya pili ya watu mia kama mimi.

Sasa na tuirudie hoja ya mnunuzi: "Nimemkosea nani?" Ugumu wake ni kwamba hoja hii ni ya kweli kwa mtu mmoja na ni ya uongo kwa watu wengi. Gunia moja la ziada halimwachi mtu yeyote na njaa. Ukimchukua kila mnunuzi peke yake, ukampima mizani, utamkuta hana hatia. Lakini matendo yote hayo yasiyo na hatia yakijumlishwa, rafu hubaki tupu. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Walilokusudia ni kutuhimiza tuweke akiba. Lakini methali hiyo ina upande wake wa pili, kwamba haba na haba hukimaliza kibaba vile vile.

Niliwahi kulitia jambo hili katika hesabu ya darasani. Duka lina magunia 40 ya mchele, na mtaa una familia 40, kila moja ikihitaji gunia moja. Familia 20 za kwanza zinafika asubuhi na kila moja inanunua magunia mawili, kwa bei iliyotajwa, bila ya kumsukuma mtu. Nikauliza, "Nani ameiba?" Darasa likanyamaza. Kisha msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwizi hayupo, Mwalimu, lakini walioibiwa wapo." Sijapata kulisikia jambo hili likielezwa vizuri zaidi ya hapo.

Linaloongeza uzito ni kwamba hofu ya namna hii hujitengenezea ukweli wake. Mwanazuoni wa elimu ya jamii wa Marekani, Robert Merton, alieleza mwaka 1948 jinsi utabiri wa uongo unavyoweza kuwa kweli kwa sababu tu watu wameuamini: benki iliyo nzima hufilisika pindi wateja wake wote wanapoamini kwamba itafilisika, wakaenda siku moja kutoa fedha zao. Jambo hilo lilitokea madukani katika nchi hiyo hiyo siku chache kabla ya Krismasi. Tarehe 19 Desemba 1973 mchekeshaji wa televisheni Johnny Carson alifanya mzaha kwamba karatasi za chooni zimeadimika. Watu walikimbilia madukani, wakazinunua kwa wingi, zikaadimika kweli. Mwezi uliofuata ikambidi awaeleze watazamaji kwamba hapakuwa na uhaba wowote wa haki. Tusiwacheke watu wale, kwani mwaka 2020 dunia nzima ilirudia kisa hicho, sisi tukiwamo.

Lakini je, si wazee wetu wenyewe waliotufundisha kwamba akiba haiozi? Si kweli kwamba baba au mama asiyefikiri kesho huwaponza watoto wake? Hapa ndipo inapotupasa, sisi walimu wa lugha, kuyapima maneno. Kiswahili hakina neno moja tu kwa tendo la kuweka vitu. Tuna kuweka akiba, tuna kulimbikiza, tuna kuhodhi, tuna kuficha, tuna kulangua. Maneno haya hayakai katika mstari mmoja kwa bahati. Kila moja lina nia yake na wakati wake, na anayeyachanganya hukosea hukumu.

Akiba huwekwa wakati wa wingi. Habari za Nabii Yusuf huko Misri, zinazojulikana kwa Wakristo na kwa Waislamu, zinatuonyesha sura yake iliyo kamili: nafaka ilikusanywa katika miaka saba ya neema, ilipokuwa tele hata haikumpungukia mtu, ikafunguliwa katika miaka saba ya dhiki. Ndivyo lilivyokuwa pia ghala la nafaka la nyumbani hapa Rwanda, liitwalo ikigega katika Kinyarwanda. Lilijazwa baada ya mavuno, jirani naye akijaza lake, na kujaa kwa ghala moja hakukupunguza la pili. Kuhodhi ni kinyume chake. Mtu huhodhi wakati wa uhaba, au wakati wa hofu ya uhaba, na kila anachoingiza ndani kimetoka katika sehemu ya mwingine. Wanazuoni wa sheria za Kiislamu walikataza kuhodhi chakula ili kungojea bei ipande, na katika Injili ya Luka yumo tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi kwa ajili ya nafsi yake tu. Makosa ya tajiri huyo hayakuwa kwamba alivuna sana. Kosa lake ni kwamba katika hesabu zake zote hakuwamo mtu mwingine.

Kwa kipimo hiki gunia langu la pili halikuwa akiba, ijapokuwa nililiita hivyo. Sisi nyumbani hula mchele nusu kilo kwa siku, kwa kuwa viazi, maharage na ndizi ndivyo chakula chetu cha kawaida. Kilo 50 zilikuwa posho ya siku 100. Vizuizi vilipolegezwa tarehe 4 Mei, mchele ulikuwa bado umejaa chini ya kitanda, na kabla mwezi huo haujaisha uliingia fukusi. Akiba haiozi, kile kilichooza basi kilikuwa kitu kingine.

Pengine msomaji atasema kwamba nalikuza jambo dogo. Na tutazame basi jinsi jambo hili linavyokuwa likikua. Katika miaka ya 1943 na 1944 Rwanda ilipatwa na njaa kubwa iitwayo Ruzagayura. Ukame na maradhi ya viazi viliharibu mazao, na ghala za watu zikabaki tupu kwa sababu mashamba hayakutoa. Mwaka huo huo wa 1943, mbali na hapa, jimbo la Bengal katika Uhindi ya Waingereza lilipatwa na njaa iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na 3. Mwanauchumi Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na njaa, alionyesha kwamba chakula kilichokuwapo Bengal mwaka 1943 hakikuwa kidogo kuliko kile cha mwaka 1941, mwaka ambao haukuwa wa njaa. Vita vilipandisha bei. Hofu na tamaa ya faida zikawafanya wenye fedha na wafanyabiashara waushike mchele. Na vibarua wa mashambani na wavuvi, ambao ujira wao haukupanda, wakafa. Hivyo njaa moja ilitoka shambani, na nyingine kwa sehemu kubwa ilitoka sokoni. Sisemi kwamba msongamano wa Krismasi ni njaa ya Bengal. Nasema kwamba mlango wa kuingilia ni ule ule: yule anayeweza kununua mapema humpandishia bei yule asiyeweza.

Hapo ndipo ilipo dhuluma niliyokuwa nikiitafuta. Kununua mapema ni uwezo, nao haukugawanywa sawa. Mwenye mshahara wa mwezi huingia dukani tarehe 20 Desemba na kujaza toroli. Mjenzi wa kutwa, mwuza mboga wa kuzungusha, na mfua nguo hupata fedha jioni na kuzila jioni. Kama ujira wao wa kabla ya sikukuu unatoka tarehe 24, basi wanaingia sokoni tarehe 24, baada ya sisi wengine wote kupita. Desemba 2020 jambo hili lilionekana waziwazi zaidi, kwa sababu kuanzia tarehe 22 watu wote walitakiwa wawe majumbani ifikapo saa 2 usiku. Saa za kununua zikapungua, na zilizopungua zaidi ni za yule atokaye kazini jioni. Hofu ni ya mwenye nacho, lakini malipo yake hutolewa na asiye nacho.

Katika hali kama hiyo watu hupenda kumtafuta mwovu mmoja. Wenzetu wa Tanzania wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, ambapo sabuni, sukari na nguo ziliadimika hata mtu akiona foleni huiunga kwanza kisha ndipo huuliza kinachouzwa. Machi 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ilianzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na bidhaa nyingi zilizofichwa zikafichuka. Mlanguzi ana hatia, wala simtetei. Lakini tukimalizana na mlanguzi, hubaki watu wa kawaida kama mimi, tusio na nia ya kumdhuru yeyote, ambao tumebeba kidogo kidogo. Tofauti baina yangu na mlanguzi ni kubwa katika nia. Lakini rafu tupu haijui nia ya mtu, wala mama yule hakunywa uji wa nia yangu njema.

Liko pingamizi moja ambalo ni gumu kuliko yote, nami sitaki kulikwepa. "Mwalimu," mtu ataniambia, "wote wanabeba mawili. Nikibeba moja mimi peke yangu, rafu itakwisha vile vile, na watoto wangu ndio watakaokosa. Wema wangu utamfaa nani?" Kwa kweli mtu huyu si mwovu. Yuko katika mtego ambamo kila mmoja anamwogopa mwenzake, na kila mmoja anayo sababu. Kumtaka awe mjinga peke yake ili wengine wanufaike ni kumtaka zaidi ya haki.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, mtego wa watu wengi haufunguliwi na mtu mmoja. Hufunguliwa na kanuni inayowabana wote sawasawa. Mwenye duka anayebandika tangazo kwamba kila mteja atapata mfuko mmoja hatuvunjii heshima. Anatupunguzia mzigo, kwa sababu sasa naweza kuchukua mfuko mmoja bila ya kumtazama jirani kwa jicho la wasiwasi. Ndivyo pia bei ya mwisho iliyotangazwa mapema, na ghala la nafaka la taifa ambalo watu wanajua kwamba limejaa. Vitu hivi hulisha watu, na kabla ya kuwalisha huwatuliza. Tusiviite adui wa uhuru wa mnunuzi. Ndivyo vinavyomwezesha mtu mwema kuwa mwema bila ya hasara.

Pili, hata mahali pasipo na kanuni, mtu hakosi la kufanya. Yampasa kujua kipimo chake. Mimi nilipoingia dukani siku ile sikujua kwamba nyumba yangu hula nusu kilo kwa siku; nilikuja kulijua hilo baadaye, nilipokuwa nikipepeta fukusi. Mtu asiyejua haja yake hupimiwa na macho ya watu, na macho ya watu wenye hofu hayana kiasi. Anayejua kwamba sikukuu yake inahitaji kilo tano hanunui ishirini kwa kuwa tu jirani amenunua thelathini. Na kama amekwisha kununua kupita kiasi, bado mlango wa kurudisha uko wazi, mradi ajue kwamba anarudisha, wala asidhani kwamba anatoa sadaka.

Krismasi yenyewe, kwa wale wanaoiadhimisha, ina fundisho juu ya jambo hili, nalo hupita kila mwaka mbele ya macho yetu. Habari za kuzaliwa kwa mtoto yule zimo katika mji uliofurika watu waliokuja kuhesabiwa, na wazazi wake walikosa mahali katika nyumba ya wageni. Hatusomi kwamba alikuwapo mtu katili. Tunasoma tu kwamba palikuwa pamejaa. Bila shaka kila aliyelala ndani alikuwa amefika kwa haki yake, na huenda alilala usingizi mzuri akijua kwamba hakumkosea mtu.

Mama yule bado ni jirani yetu, na bado anafua nguo. Desemba hii, kama zile zilizotangulia, nitasukuma toroli yangu baina ya rafu na kufika penye magunia. La kwanza nitalichukua bila ya aibu, kwa kuwa ni haki ya nyumba yangu. Nitakapolitazama la pili, nitajiuliza ni la nani.